Mzabibu wa Manushak

Manushak binti Hovakim, wa ukoo wa Galust, wa Julfa, mtaa wa watu wetu Wakristo. Galust, babu wa babu yake, alishuka hadi pwani ya Bushehr na ngamia kumi na sita wenye hariri, akarudi na ngamia kumi na sita, jambo ambalo hata waliomchukia walilikubali. Bibi yake, Mariamu, aliketi juu ya mfuniko wa kisima siku mbili na nusu walipoingia wezi mtaani, anafuma soksi, na mahari ya binti zake wanne imo ndani ya ndoo chini yake. Baba yake, Hovakim, alichonga milango wala hakusafiri popote, na hilo nalo nalihesabu kuwa tendo, maana katika mtaa ule wanaume waliobaki nyumbani hawakuzidi vidole vya mikono. Manushak mwenyewe ndiye aliyezalisha mzabibu Surabaya, kisiwani Java, akamfungua kinywa baba yangu mara mbili, mara moja kwa kucheka na mara moja kwa kula.

Mimi ni wifi yake. Niliyoyaona nimeyaona kwa macho yangu, na nisiyoyaona aliniambia yeye, na Manushak hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Alikuja akiwa na miaka kumi na tisa, kuolewa na kaka yangu Avetik, ambaye alikuwa hajamwona ila kwenye picha moja, ameshika kitabu ambacho baadaye alikiri kilikuwa cha mpiga picha. Nyumba zetu zilifanya hivyo. Wanaume walikuja Java wakiwa wavulana, wakafanya biashara ya sukari na magunia, na umri wa kuoa ulipofika barua ikaandikwa Julfa, kama mtu anavyoagiza viatu kwa fundi aliyemshonea baba yake. Manushak alisafiri miezi mitatu, kwa punda, kwa meli, kwa meli nyingine, pamoja na mjane wa padri, maana mapadri wetu huoa, aliyetapika kuanzia Bushehr mpaka Singapore.

Alishuka na sanduku la harusi na debe moja la mafuta. Sanduku aliwaachia wapagazi. Debe alilibeba mwenyewe kifuani. Ndani yake mlikuwa na unga wa mbao uliolowa, na ndani ya unga huo vijiti ishirini alivyovikata kwenye mzabibu wa mama yake. Bombay vilikuwa vimebaki saba. Singapore vitatu. Alipolifungua debe uani kwetu, kimoja tu ndicho kilichokuwa na jicho la kijani.

Mama yangu, Iskuhi, alichungulia ndani akasema, "Tumeagiza mke, wametuletea na kuni."

Tangu siku ile kikaitwa ukuni. Ukuni wako hujambo, bi harusi? Ukuni umekunywa maji? Nami nilicheka kila mara, kwa sababu mama alikuwa anajua kusema.

Manushak hakujibu, wala hakuweza. Bi harusi katika nyumba zetu hakusema mbele ya wakwe. Alifunga leso chini ya pua, na alichotaka kusema alimnong'oneza wifi, wifi akakipeleka, mpaka siku baba mkwe atakapompa zawadi ya kumfungua. Ingechukua mwezi mmoja au miaka mitano, baba ndiye aliyejua. Julfa kwenyewe walikuwa wameanza kulegeza, kwa maneno yake. Sisi tuliokuwa mbali ndio tuliokuwa tumeishika kamba kwa meno. Kwa hiyo mimi nilikuwa mdomo wake. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimemaliza darasa sita kwa masista, na nilijiona.

Sasa nimseme baba. Baba yangu, Tadeos, aliondoka Julfa ana miaka kumi na miwili, mwezi wa saba, zabibu za uani kwao zimeanza kugeuka rangi. Aliomba moja tu ya njiani. Mama yake akamkatalia, kwa kuwa ilikuwa bado wiki tatu kufika Jumapili ya Bibi Maria, katikati ya mwezi wa nane, na sisi hatutii mdomoni zabibu ya mwaka mpya kabla padri hajazibariki siku hiyo. Badala yake alimpa mkate na kisu kidogo cha mpini wa mfupa cha kuukatia. Mtoto akapandishwa juu ya mzigo, akaondoka anaviangalia vichala mpaka ukuta ukavificha. Hakumwona mama yake tena, wala hakula zabibu mbichi tena, miaka hamsini na mitatu.

Surabaya padri alibariki zabibu kavu za mkebe, nyeusi, zenye vijiti ambavyo mama alivitoa meno yakiwa yamekaza. Zile mbichi zilizoletwa na meli kutoka nchi za kusini zilifika mwezi wa tatu. Wenzetu wengi walizila wakisema Mungu anaelewa mambo ya meli. Baba alikataa. Zilikuwa za mwaka mpya, hazijabarikiwa, na alikuwa amemwahidi mama yake kwamba hataonja. Alizigawa kwa mtunza farasi.

Basi jioni moja, Manushak hajamaliza hata mwezi kwetu, baba akaniambia mezani, "Nazlu, muulize huyo, ule ukuni wake utazaa?"

Manushak akanisogelea sikioni. Alisema: miaka mitatu, Mungu akipenda, na usimpe mzee matumaini.

Nikainuka nikasema, "Anasema mwakani utakula, baba."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nadhani nilipenda tu uso wa baba ulivyokuwa akifurahi, na hakufurahi mara nyingi. Baba aliweka kijiko chini. "Mwakani," alisema, kama mtu aliyeambiwa tarehe ya meli. Manushak alinifinya chini ya meza mpaka nikatokwa na machozi, lakini kusahihisha hakuweza. Kuanzia usiku ule baba yangu alianza kungoja, na mtu aliyekaa nusu karne bila kungoja ukimwanzishia kungoja umemtia ugonjwa.

Mwaka ule ulipita bila kitu. Wa pili vilevile.

Mzabibu haukukataa kumea. Ulipanda ukuta, ukapanda paa la jiko, ukatoa majani ya kulisha mbuzi. Tulikunja nyama na wali ndani ya majani yale mpaka tukachoka. Ua halikutoka hata moja. Manushak aliufanyia yote aliyomwona mama yake akiufanyia. Aliukata matawi mwezi wa pili. Mwisho wa mwaka alilifunika shina kwa majani makavu lisipate baridi, Surabaya, mahali ambapo mtu hulala na dirisha wazi na bado godoro linaloa jasho. Majirani walikuja kutazama. Mama alisimama mlangoni akasema ukuni umevaa vizuri lakini hauzai, na humu ndani si peke yake. Hapo sikucheka. Avetik naye aliinuka akatoka.

Mwezi wa nane wa mwaka wa kwanza baba aliniuliza, nami nikasema bado kidogo. Mwaka wa pili hakuniuliza. Alikwenda mwenyewe uani na fimbo yake, akatazama juu, akarudi. Kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua.

Aliyetufungua macho ni Pak Kasdu, yaani Mzee Kasdu, mtunza bustani wetu, mtu wa upande wa Probolinggo, wanakolima zabibu. Alikuwa ameuangalia mzabibu ule miaka miwili bila kusema neno, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Siku Manushak alipomuuliza, kwa Kimalai chake cha sokoni, alijibu kama aliyekuwa ameshachoka kusubiri, akimwita Nyonya, yaani bibi mwenye nyumba.

"Nyonya, mti huu mnaudekeza. Unangoja nini hapo?"

"Nangoja baridi ipite."

"Baridi haiji huku, Nyonya. Labda uiandikie barua." Kisha akamwonea huruma. "Kwenu mti unalala, ukiamka unazaa. Huku haulali. Asiyelala ataamka vipi? Uuvue majani yote, uunyime maji, mti udhani umekufa. Halafu uunyweshe. Siku mia na kumi, zabibu mkononi."

Manushak aliniambia kwamba alikaa chini palepale kwenye udongo. Miaka miwili alikuwa akiusubiria mti majira ambayo hayapo.

Alihesabu kurudi nyuma kutoka Jumapili ya Bibi Maria. Siku ya mia na kumi ilipoangukia, mwezi wa nne, yeye na Kasdu wakapanda ngazi wakanyonyoa jani moja moja mpaka ukuta ukabaki na kamba za kahawia. Ndani ya chupa alitia dengu zilizokaangwa mia na kumi, na kila asubuhi akatoa moja. Mama alipotoka kuulizia majani ya kupikia akauona ule utupu, akashika kiuno. "Hata ukuni wenyewe ameuua," alisema, bila kumtania mtu. Alikuwa amehuzunika kweli, nadhani naye alikuwa amejipa matumaini kimyakimya. Baba aliposikia aligeukia ukutani. Siku hiyo sikupeleka maneno yoyote kwa yeyote. Nilikuwa nimejifunza.

Wiki ya pili macho ya mzabibu yakavimba. Ya tano kukatoka maua madogo mabaya, ambayo huwezi kumpa mtu, na Manushak akayanusa akiwa amefumba macho. Vichala kumi na kimoja. Popo wa Surabaya si watu wa dini, kwa hiyo alichukua shimizi lake la harusi, la melimeli, akalikata akashona mifuko kumi na mmoja, akavivisha vichala. Mama akasema katika maisha yake hajaona matunda yaliyovaa nguo za ndani. Lakini nilimwona akishuka asubuhi kukagua kamba za mifuko kama zimekaza.

Mwezi wa saba baba akaanguka. Daktari alisikiliza kifua, akamwambia Avetik asihesabu miezi, ahesabu wiki, na asizihesabu kwa sauti.

Na zabibu zikawahi. Joto lilikuwa kali mwaka ule. Chupani zilikuwa zimebaki dengu tisa, na tayari ukiinua mfuko ungeona mbegu ndani ya tunda kama taa nyuma ya pazia. Asubuhi hiyo baba hakutaka chai. Mama alitoka chumbani kwake, akachukua mkasi wa kushonea, akaenda uani moja kwa moja.

Manushak alikuwa pale. Aliuona mkasi, akasimama mbele ya ukuta, mikono ameitandaza, leso usoni.

"Nipishe," mama alisema. "Mungu si karani wa bandari, atazame muhuri. Mtu ameomba zabibu miaka hamsini na mitatu."

Manushak hakusogea.

"Anayekufa ni mume wangu, bi harusi. Si wako."

 Manushak aliteremsha mikono. Mama akakata kichala kimoja, akaingia nacho ndani, nami nikamfuata. Alichuma zabibu moja akaiweka kwenye midomo ya baba.

Baba aliinusa kabla ya kufungua macho. Uso wake ukawa wa mtoto. Kisha akafunga midomo kwa nguvu, akauliza kupitia meno, "Padri amefika?"

"Amefika," mama akasema.

Baba akanitazama mimi. "Nazlu. Kweli?"

Mkono wa mama ulikuwa umenishika nyuma, kwenye gauni. Nilijua nikisema ndiyo atakula, atafurahi, na pengine atakufa amefurahi. Nilijua pia ni mimi niliyemwambia mwakani.  Yule msichana aliyekuwa mdomo wa nyumba nzima, siku aliyoulizwa neno moja, hakuwa nalo.

Sauti ilitoka mlangoni.

"Hajafika, baba. Zimebaki siku tisa. Nimezihesabu. Ningojee."

Manushak alikuwa ameivuta leso chini, ipo shingoni. Mama aliketi kitandani. Katika nyumba yetu, na katika nyumba zote za watu wetu tuliowajua kuanzia Rangoon mpaka Makassar, jambo kama hilo lilikuwa halijasikika, bi harusi kujifungua kinywa mwenyewe, tena mbele ya mkwe aliye kitandani.

 Kifua cha baba kikaanza kutikisika, tukadhani ni kikohozi, kumbe anacheka.

"Miaka mitatu nadhani ana sauti ya chiriku," alisema alipopata pumzi. "Kumbe ni ya mwenye ngamia."

"Na sikusema mwakani, baba. Nilisema miaka mitatu."

"Najua. Nazlu tangu utoto hutia sukari." Hakunitazama aliposema hivyo, na namshukuru mpaka leo. "Haya, siku tisa. Iskuhi, ondoa hiyo, inaniharibia akili."

Mama alikiondoa kile kichala. Hakukitupa. Alikifunika kwa sahani kabatini.

Siku tisa zile Manushak alileta chupa kitandani kila asubuhi, akatoa dengu moja akaiweka kiganjani mwa baba. "Ngapi?" baba angeuliza. "Sita, baba." "Jana si zilikuwa saba?" "Ndiyo maana leo ni sita." Walizungumza. Aliuliza kama ukuta wa kwao bado upo, na mfereji wa nyuma, na mwokaji aliyekuwa na jicho moja, ambaye bila shaka alikuwa amekufa kabla Manushak hajazaliwa, na Manushak akamweleza habari za mwokaji wa sasa mwenye macho mawili. Dengu zilipobaki tatu baba hakuweza kufumba kiganja. Manushak alikifumba kwa mkono wake.

Jumapili padri alikuja kutoka Batavia, mji mkuu. Hatukuwa na kanisa letu bado, tulisali katika ukumbi wa nyumba ya mfanyabiashara mmoja. Manushak aliingia na sinia la vichala kumi vilivyovuliwa mifuko, na kile cha kabatini, kimesinyaa, pembeni.  Walikuwamo wazee pale waliokuja Java kabla ya baba, watu wa magunia na mabishano, na nilimwona mmoja akitoa miwani akiipangusa na kuivaa tena. Padri wetu alipenda mahubiri marefu. Avetik alimwomba afupishe, akafupisha yakawa saa moja. Mara tu ubani ulipopita juu ya sinia, Avetik akalichukua akakimbia nalo kwenye gari la farasi, na sisi nyuma yake tumeinua magauni.

Baba alikuwa hai. Manushak alimtia zabibu moja mdomoni. Hakuitafuna. Aliikalisha tu, macho yamefumba, na sote kando ya kitanda tukangoja kusikia mtu atasema nini baada ya miaka hamsini na mitatu.

"Ganda gumu," alisema. Kisha akasema, "Nyingine."

Alikula tatu. Mbegu alizitema mwenyewe kiganjani. Halafu akatia mkono chini ya mto, akatoa kile kisu cha mpini wa mfupa, ambacho kwa miaka yote alikatia kamba za magunia. "Mila inataka dhahabu," alimwambia Manushak. "Dhahabu atakupa Iskuhi. Hiki ni cha kukatia matawi. Sema, mwanangu, sema siku zote, hata ukiniudhi."

Mama alivua bangili yake palepale, akamvisha, akapitiliza jikoni. Nilimkuta huko anakula kile kichala kilichosinyaa, amesimama, analia.

Siku inayofuata sikukuu ile ni ya kwenda makaburini. Mwaka huo nyumba yetu haikuwa na kaburi jipya la kupelekea zabibu. Baba alifariki Alhamisi.

Yaliyofuata yangejaza daftari jingine. Manushak alizaa wavulana watatu. Alimzika mama yangu, aliyemwita binti miaka yake yote ya mwisho na kumtania vilevile. Alivumilia kambi ya Wajapani wakati wa vita, na mzabibu ukavumilia bila yeye, akatoka amekonda akauvua majani kabla hajabadilisha nguo. Kisha watu wetu wakaanza kufunga masanduku tena, nyumba baada ya nyumba, wengi kwenda Sydney. Mwanangu Hrant naye alipata makaratasi, yeye na mkewe Arpik, bi harusi wa miezi minne. Manushak alisema yeye haendi, wafu wake wako hapa na mmoja wao anapenda kutembelewa.

Asubuhi ya mwisho alimwita Arpik uani. Alikata vijiti vitatu, akavifunga kwa kitambaa kilicholowa, akavitia kwenye mkebe wa maziwa. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya jiko, nikawa nawasikiliza.

Arpik alikuwa msichana wa shule, amesoma ramani. Alisema kwa adabu, "Mama, huko majira yamegeuka. Zabibu zao zinaiva mwezi wa pili. Mwezi wa nane mti uko uchi, umelala."

 Nilimwona Manushak akihesabu kwa vidole, mara akaacha, na bega lake likaanza kutikisika kama kifua cha baba siku ile.

"Mimi nilipewa mti usiolala," alisema. "Wewe unapewa sikukuu iliyoangukia katikati ya usingizi. Basi kazi unayo." Akakigeuza kile kisu, akampa kwa upande wa mpini. "Tafuta mtu wa huko mwenye mikono ya udongo, umuulize, wala usingoje miaka miwili kama mimi. Mti uzae kwa Jumapili ile, vipi utajua mwenyewe. Na kabla ya padri, mwanangu, usionje."